Mkanda Mmoja kwa Vitu vya Baba

Baba alifariki masika, na kabla tanga halijaondolewa nilishajua kwamba vitu vyake si vyetu. Hakuna aliyenificha. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na baba, hata awe amekulea, amekusomesha na kukubeba mgongoni ulipougua surua, ni mtu wa ukoo mwingine aliyekuja kukaa kwenu. Akifa, watu wake wanakuja kuchukua kilicho chao. Ardhi ilikuwa ya mama na nyumba ilisimama juu ya ardhi ya mama, kwa hiyo hatukufukuzwa popote, wala sitaki mtu anionee huruma ya bure. Lakini koti, kigoda, taa, miwani, redio na kila kitu alichokishika baba kwa mkono wake kilikuwa kinamsubiri mpwa wake, mtoto wa dada yake, ambaye siku ya kuondoa tanga angepewa jina la baba pamoja na vitu hivyo. Baada ya hapo hata sisi tungemwita baba.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari mjini Morogoro, mtu mzima mwenye watoto wangu. Desturi hiyo nilikuwa nimeiona tangu utotoni ikitendeka kwa watu wengine na sikuona ubaya wake. Ilipofika mlangoni kwetu nilikasirika kama mtu aliyeibiwa sokoni. Walimu wenzangu waliotoka mikoa mingine waliniambia niende mahakamani, sheria siku hizi ipo, nisikubali kuonewa. Sikutaka mahakama. Sikutaka hata kulimiliki hilo koti. Nilitaka tu nikizeeka niweze kuviangalia tena vitu vya baba vikiwa bado vya baba, maana nilijijua kuwa nasahau sura za watu upesi, na niliogopa kwamba vikishachukuliwa, baba mwenyewe ataniponyoka kichwani. Ndipo nikaikumbuka kamera.

Nayo ilikuwa ya baba, kwa hiyo nayo ingeondoka. Aliinunua zamani kwa padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao, siku zile baba akifundisha shule ya misheni. Ni ile aina ya sanduku lenye macho mawili mbele. Unaishika kifuani, unainamisha kichwa na kutazama kwenye kioo cha juu, ambamo kulia kunaonekana kushoto. Baba aliitunza ndani ya debe la biskuti lenye mchele uliokaangwa, maana unyevu wa mlimani hula kila kitu, na mchele ukishavuta maji aliwamwagia kuku. Hakupenda kupiga watu. Alisema watu wanafumba macho, halafu wanailaumu kamera. Alipiga kabichi zilizopangwa kizingitini, viatu vya watoto baada ya misa, sufuria juu ya mafiga. Majirani walimwona mtu mwenye kasoro ndogo ya kichwa, lakini mstaarabu.

Miaka ya shida, tulipokuwa tukipanga foleni kwa sabuni na sukari, filamu haikupatikana kabisa na kamera ililala debeni. Sasa ilikuwa miaka ya ruksa. Biashara ilikuwa imefunguliwa na mji umejaa vitu hadi vinamwagika barabarani: mitumba chini kwenye maturubai, redio za kaseti, vitambaa, betri, juisi za makopo kutoka nchi nisizozijua. Nikadhani filamu itakuwa jambo la dakika moja. Nilizunguka kuanzia karibu na soko kuu hadi stendi, na kila duka lililouza dawa ya mswaki liliuza filamu pia, zimepangwa mbele kwa rangi zake za kupendeza. Zote zilikuwa zile ndogo za kamera mpya. Kamera ya baba inataka mkanda mpana, uliozungushiwa karatasi. Muuzaji mmoja kijana aliipindua mkononi akacheka.

"Mama, hii si ungeiweka makumbusho? Chukua hii ndogo, inapiga yenyewe."

Nilimwambia aangalie biashara yake. Nilitoka pale najiona mjinga, maana zamani nilikosa filamu kwa sababu madukani hamkuwa na kitu, na sasa naikosa kwa sababu mmejaa vitu.

Ilibaki studio moja ya zamani, nyuma ya barabara kuu, ambako nilipigwa picha ya cheti cha ualimu. Mwenyewe alikuwa mzee mwenye pumu na maneno machache yasiyo na sukari. Nusu ya studio ilishageuka kuwa mahali pa kuazimisha kanda za video. Pazia la kuchora, lenye bahari na mnazi, lilikuwa limesukumwa pembeni, na mbele yake zilipangwa kanda za ngumi na za mapenzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Kama ni paspoti rudi mchana, umeme hakuna."

Nilimwonyesha kamera. Akaiangalia bila kucheka, akaingia ndani, akarudi na mikanda miwili. Mmoja ulikuwa wa rangi, umebaki kwenye oda ya harusi. Mwingine ulikuwa mweusi na mweupe, na tarehe yake ilishapita.

"Unapiga nini?"

"Vitu."

"Vitu gani?"

"Kigoda. Taa. Koti."

"Vitu havilipi," alisema. Kisha akaona kitambaa cheusi nilichofunga kichwani, akalainika kidogo. "Ndani au nje?"

"Nje. Nitavitoa juani."

"Basi chukua wa rangi. Jua na rangi ni marafiki."

Moyo wangu ulikuwa huko huko kwenye rangi. Kulikuwa na kikombe cha bati cha baba, bluu yenye ua jekundu lililobanduka, na koti lake la rangi ya majani ya chai yaliyokwisha chemshwa. Nani apige koti kama hilo kwa rangi ya majivu? Nikamuuliza huo wa rangi unasafishwa wapi. Akasema Dar es Salaam, yeye hana mashine. Anampa kondakta wa basi, kondakta anampa mtu, yule mtu anarudisha. Nikamuuliza kama huwa zinarudi zote.

"Kuna bahasha ya harusi ilishuka Mikese na abiria asiyehusika," alisema. "Nyingine zimerudi."

Maneno yale yakanikata maini. Nilimwona abiria asiyehusika akishuka na koti la baba kwapani. Nikakumbuka pia picha za harusi yangu mwenyewe, za rangi, tulizozionea fahari: zilishaanza kuwa nyekundu zote, uso wa mume wangu umekuwa nyanya, gauni langu limekuwa la waridi. Na ile picha ya baba na wanafunzi wake, nyeusi na nyeupe, ya kabla sijazaliwa, unaona hadi vifungo.

"Na huu mwingine?"

"Huu nasafisha mwenyewe, hapo nyuma. Lakini wahi. Mwisho wa mwezi navunja chumba cha giza, nataka nafasi ya kanda."

Nilisimama na mikanda miwili mikononi kama mtu anayepima vitunguu. Huu ungenipa baba kama nilivyomwona, na huenda usirudi. Huu ungerudi, ukiwa umemvua rangi zake. Niliuchagua ule mweusi na mweupe kwa sababu niliogopa, si kwa sababu niliupenda. Nikajiambia bluu ya kikombe nitaikumbuka mwenyewe. Leo siikumbuki vizuri. Sijui kama ilikuwa ya anga au ya sare za shule.

"Umezeeka huu," mzee alisema akinifungia. "Hauoni sawasawa. Mwanga wowote utakaokadiria, upe mara mbili."

Nilipanda mlimani siku moja kabla ya tanga kuondolewa. Wanawake walikuwa wakishuka na matenga ya karoti na kabichi kichwani, kila mmoja akinipa pole bila kupunguza mwendo. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, ukungu umekaa kwenye migomba. Mama nilimkuta jikoni. Tangu msiba alikuwa analala jikoni, kwa sababu chumba alichofia baba kilikuwa kimefungwa na vitu vyake ndani, visiguswe hadi watu wa ukoo wake waje. Alikuwa amekonda, na alinijibu kila kitu kwa neno moja moja. Nilimweleza kuhusu picha. Alikoroga uji kwa muda mrefu.

"Usivihamishe," alisema.

Mimi si mtu wa kusikia mara moja. Shangazi, yule dada wa baba, anakaa upande wa pili wa milima, na nilihesabu kwamba hafiki kabla ya jioni. Jua lilipojitokeza kidogo nilifungua kile chumba, nikatandika shuka jeupe uani, nikaanza kutoa vitu. Kigoda. Taa ya chemli. Kikombe. Miwani yake yenye mkono uliofungwa uzi. Rozari. Redio. Nilivipanga kama ambavyo yeye angevipanga, virefu nyuma na vifupi mbele, na nikasogea nyuma na kamera kifuani. Vilionekana vizuri mno. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilidhani nitalia kwa raha.

Basi shangazi akatokea kwenye njia ya migombani, na mwanawe nyuma yake amebeba kuku.

Nilipiga goti la salamu nikiwa na kamera mkononi. "Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. Aliangalia shuka. Nilikuwa sijafikiria lile shuka linavyoonekana kwa mtu aliyemvika kaka yake sanda nyeupe juzi.

"Mmeshaanza kugawa bila sisi?"

"Sigawi, shangazi. Napiga picha."

"Za nini?"

"Za kuangalia."

"Mtu mzima anaangalia kigoda?" Akamgeukia mama aliyekuwa amesimama mlangoni pa jiko. "Wifi, nyie mmesomesha watoto. Najua wanachofanya waliosoma. Leo picha, kesho barua ya mahakama: kigoda hiki hapa, taa hii hapa, wamechukua, ushahidi huu. Wamefanyiwa wenzetu huko ng'ambo ya mto hadi wakarudisha baiskeli."

Mwanawe, binamu yangu, mkulima wa kabichi, mpole, ambaye tangu utotoni hakuwahi kunyanyua sauti, alisema, "Mama, mwache, ni picha tu."

"Wewe nyamaza, kesho una jina la mtu."

Nilikuwa na majibu mengi mdomoni, na mengine hayafai kuandikwa. Niliwaza, huyu shangazi ana vyote, anachukua vyote, na bado ananinyima kutazama. Lakini mama alisema kwa sauti ndogo, "Wifi, anarudisha," kisha kwangu, "Rudisha." Sikuwahi kudhalilika namna ile, hata mbele ya mkaguzi wa shule. Nilirudisha kimoja kimoja, na shangazi akiwa nyuma yangu akinielekeza: kigoda kilikuwa upande ule, taa haikuwa hapo, miwani juu ya dirisha. Alijua mahali pa kila kitu kwenye nyumba ambayo si yake. Ilinichukua muda kuelewa kwamba siku zote za ugonjwa alikuwa amekaa mle chumbani, wakati mimi nikisahihisha madaftari mjini.

Vilipokwisha kurudi mahali pake hasira yake ikapungua kidogo. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akapanga khanga yake magotini.

"Kama ni kuangalia, viangalie vilipo," alisema. "Mimi nipo hapa hapa."

Sasa hebu fikiria. Chumba kina dirisha moja la ukubwa wa sinia. Nje jua lilishaingia tena kwenye ukungu. Nilikuwa nimeulizwa ndani au nje, nikajibu nje, na sasa nilikuwa ndani, gizani, na mkanda mzee usioona sawasawa. Nilikaa kwenye sakafu nikitaka kufungasha na kuondoka. Kilichonizuia ni kwamba kesho yake hakutakuwa na kitu cha kupiga, wala cha kupigia.

Baba alikuwa na namna yake ya kupiga picha za ndani. Alitafuta mahali pa kuikalisha kamera isitikisike, akabonyeza kitufe na kukishikilia ili lenzi ibaki wazi, na kwa kuwa saa hakuwa nayo, alipima muda kwa Salamu Maria. Taa mezani karibu na dirisha, nusu ya Salamu Maria. Sufuria jikoni, Salamu Maria nzima. Padri aliwahi kumkemea, na baba akajibu kwamba Bikira hajalalamika. Basi nilichukua kinu cha mama, nikakipindua, nikaikalisha kamera juu yake. Nilikadiria Salamu Maria moja kwa giza lile, na nyingine kwa ajili ya uzee wa mkanda.

Nilianza na kigoda. Nilibonyeza, nikashikilia, nikaanza kusali kwa sauti kama baba alivyofanya, maana ukisali kimoyomoyo unaharakisha. Nilipofika katikati ya sala, pale ambapo kwenye rozari kiongozi hunyamaza na wengine huitikia, nilivuta pumzi. Shangazi akaitikia. Sidhani kama alikusudia. Mtu aliyesali rozari miaka yote hiyo, ukimpa nusu ya kwanza, nusu ya pili inamtoka yenyewe. Nikaanza tena ya pili, akaitikia tena. Nikaachia kitufe.

Nikazungusha mkanda, nikasogeza kinu mbele ya taa. Nikasali, akaitikia. Mbele ya redio vilevile, na mbele ya kikombe. Tulipofika kwenye miwani sauti yake ilikatika katikati, ikabidi ameze mate ndipo amalizie. Bado nilikuwa na hasira naye. Naandika hivyo kwa sababu watu wakinisikia nikisimulia hudhani pale ndipo tulipopatana. Hatukupatana. Tulikuwa tunamlilia mtu mmoja, kila mmoja kwa haki yake, na kila mmoja akiona haki ya mwenzake ni wizi.

Koti nililiacha mwisho. Lilikuwa limening'inia msumarini ukutani, nyuma ya mlango, na mabega yake yalikuwa bado ya baba, la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia. Vitu vingine vingekuwa vya mtu yeyote. Kigoda ni kigoda. Lile koti hata bila mtu lilikuwa limesimama kama yeye anaposikiliza taarifa ya habari. Mkanda una picha kumi na mbili, vile vingine nilikuwa nimevipiga mara mbili mbili, na nilikuwa nimebakiwa na moja. Nilifunga mlango ili lionekane lote, nikapanga kinu vizuri, nikabonyeza.

Wakati huo wazee wa ukoo wao walikuwa wameshafika uani, na binamu yangu akaita kutoka nje kwamba wanataka kuliona koti kama litamtosha. Nilikuwa kwenye sala ya kwanza. Shangazi aliitikia nusu yake, safari hii haraka haraka, akasema amina, akasimama, na kabla sijafungua mdomo akalitungua koti msumarini.

"Shangazi! Bado!"

Alinigeukia, koti mkononi, ameshangaa kweli. "Bado nini? Si tumeshasema amina?"

Kidole changu kilikuwa bado kimeshikilia kitufe. Mbele ya lenzi kulikuwa na msumari na ukuta. Niliachia. Nikamwambia basi, hakuna kitu, nikakaa chini nikalia mbele yake, jambo ambalo nilikuwa nimeapa sitalifanya. Akatoka na koti kwa wazee wake.

Jioni ile nilijifunika khanga jikoni kwa mama ili mwanga usiingie, nikautoa mkanda kwenye kamera na kuufunga kwenye leso. Kesho yake tanga likaondolewa. Sitaeleza yote. Binamu yangu alikalishwa kwenye kigoda, akavishwa koti, mikono ikamfikia katikati ya kigasha, na watu wakamwita kwa jina la baba. Ilipofika zamu ya watoto wa marehemu nilipiga goti mbele ya mtu niliyemfundisha kuhesabu, nikasema, "Shikamoo, baba." Nilimchukia kwa muda wote ambao neno lile lilichukua kutoka. Aliitikia marahaba kwa sauti ndogo, macho chini, na nadhani siku ile hakuna aliyekuwa na dhiki kumzidi. Jioni waliondoka na vyote, na debe la biskuti lenye kamera likaenda nao, mchele ukichezacheza ndani.

Mzee wa studio alikuwa ameshaanza kung'oa mbao za chumba cha giza nilipofika. Alinisafishia kwa kunung'unika, akikohoa kwa sababu ya dawa. Siku ya pili akanipa bahasha. Picha zilikuwa hafifu, za kijivu, kama vitu vinavyoonekana kwenye ukungu wetu, lakini vilikuwepo: kigoda, taa, miwani, ua la kikombe lililobanduka.

"Hii ya mwisho uliitikisa," alisema.

"Sikuitikisa."

Koti lilikuwepo nusu. Mabega yalionekana, lile la kushoto likiwa limeshuka, na kola, na mfuko. Lakini udongo wa ukuta ulionekana kupitia kifuani, na msumari ulionekana kupitia kola. Mkanda ulikuwa umelitazama koti kwa sala moja na ukuta mtupu kwa ile iliyofuata, ukaviweka vyote pamoja. Niliitazama pale pale mlangoni, watu wa kanda za video wakinipita, nikaona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nalia. Ilikuwa picha ya baba kuliko zote. Wiki ile ile chumba cha giza kikavunjwa. Negativu ninazo hadi leo, na wakati ule mjini hapakuwa na mwingine wa kunisafishia nakala.

Nilizipeleka picha kwa mama mwezi uliofuata. Nilimkuta na shangazi, amekuja na maharage, kama wifi anavyomtembelea wifi mwenzake, kana kwamba hakuna lililotokea. Mama alikuwa jikoni anasonga ugali. Nilizipanga picha juu ya mkeka barazani. Shangazi alizitazama moja moja bila kuzigusa, midomo ikimchezacheza. Alipofika ya mwisho aliiokota.

"Hii nipe mimi."

"Shangazi, koti si mnalo?"

"Koti analo mwanangu. Analima nalo. Limeshakuwa lake, limekaa vingine mabegani." Alipitisha kidole pale kwenye bega lililoshuka. "Hapa bado ni la kaka yangu."

"Sina nyingine."

"Kamera ya nani iliyopiga? Koti la nani?"

"Na aliyelitungua nani?"

Nilishika pembe ya pili ya ile picha. Hakuachia, wala mimi sikuachia. Wanawake wawili wazima tumepiga magoti kwenye mkeka, mmoja dada wa marehemu, mwingine mtoto wake, kila mmoja na pembe yake, na nilikuwa tayari ichanike kuliko nimwachie.

Sikumsikia mama akitoka jikoni. Alifuta mkono wenye unga kwenye khanga, akainama, akaichukua picha katikati ya mikono yetu, na sote tukaachia kwa sababu hatukuwa tumetegemea. Aliisogeza mbali na macho yake, kisha karibu.

"Nimelala karibu na mtu huyu tangu nivunje ungo," alisema. "Ninyi mmegawana jina, mmegawana vitu, mmegombania picha. Kuna hata mmoja wenu aliyeniuliza mimi nabaki na nini?"

Aliitia picha kifuani, ndani ya khanga, akarudi jikoni, na tukasikia mwiko ukiendelea kugonga sufuria.